Ugomvi wa Vijitu vya Plastiki, na Namna ya Kuupiga Picha

Wengi wenu mlikuwapo Siku ya Wazazi muhula uliopita. Baada ya nyimbo na hotuba, chama chetu cha sayansi kilionyesha bwaloni sinema fupi ya sekunde 40, tuliyoitengeneza wenyewe kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea. Ndani yake askari wawili walipigana kwa panga mbele ya ngome. Sisi watengenezaji tulidhani watu watashika pumzi. Wao walicheka. Mama yangu, aliyesafiri siku nzima kwa basi kuja kunitazama, aliniuliza kwa upole: “Mwanangu, wale wawili walikuwa wakicheza ngoma ya wapi?”

Sikuwa na la kumjibu. Lakini swali lake halikunitoka moyoni, na kwa muda wa muhula mzima nimelifanyia kazi. Leo naomba nafasi niwaeleze wenzangu machache niliyojifunza, kwa faida ya wale watakaobaki na sanduku letu la vitofali sisi wa kidato cha nne tutakapokwisha ondoka. Yumkini hata asiyetaka kutengeneza sinema ataona humu jambo moja la kumfaa.

SINEMA YA PICHA MOJA MOJA NI NINI?

Kila sinema ni picha nyingi zilizosimama, zinazopita mbele ya macho kwa haraka hata tukadhani kwamba zinakwenda. Sinema za kawaida huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Katika kazi yetu hakuna mtu anayetembea mbele ya kamera. Twakiweka kijitu mahali pake, twapiga picha; twamsogeza mguu kidogo, twapiga tena; na kuendelea vivyo hivyo. Sisi hutumia picha 12 kwa sekunde, nazo zatosha. Basi sinema yetu ile ya sekunde 40 ilikuwa na picha 480. Haba na haba hujaza kibaba.

Kamera yetu ni simu ya Mwalimu wetu wa fizikia, maana wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni. Mwalimu huileta kila Jumamosi saa nane mchana, na saa kumi na moja jioni huichukua. Ndani yake mna programu ya kazi hii, ambayo huonyesha picha iliyopita kama kivuli juu ya picha mpya, ili mtu aone amesogeza kiasi gani. Vitofali vililetwa na mzazi mmoja, sanduku zima, pamoja na vijitu tisa.

Vitofali vya namna hii asili yake ni Denmark, katika mji wa Billund, kwenye kiwanda cha LEGO kilichoanzishwa mwaka wa 1932 na seremala Ole Kirk Christiansen. Kitofali kinachoshikana kama tukijuavyo sasa kiliombewa hati mwaka wa 1958, na cha mwaka ule hushikana na cha leo bila taabu. Vijitu vyenye mikono na miguu ya kusogea vilianza kuuzwa mwaka wa 1978.

KAZI HII ILIZALIWA KWA SABABU YA UGOMVI

Nimefurahi sana kusoma kwamba mmojawapo wa mabingwa wa kwanza wa sinema hizi aliingia katika kazi hii kwa kutafuta vita. Jina lake Wladyslaw Starewicz, naye alikuwa akifanya kazi ya makumbusho katika mji wa Kaunas, nchi ya Lithuania. Mwaka wa 1910 alitaka kupiga picha za mbawakawa wenye pembe wakipigana. Lakini wadudu hao ni wa usiku; kila alipowasha taa walitulia tu, wala hawakutaka kupigana. Basi akachukua mbawakawa waliokufa, akawatia miguu ya waya, akawasogeza kidogo kidogo na kuwapiga picha moja moja. Wafu wakapigana.

Bingwa mwingine ni Ray Harryhausen wa Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka 13, mwaka wa 1933, alikwenda kutazama sinema ya King Kong, ambamo nyani mkubwa apigana na mjusi wa kale, na toka siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Katika sinema ya Jason and the Argonauts ya mwaka 1963, alipiganisha mifupa saba ya wafu na watu watatu walio hai. Ugomvi huo hudumu dakika chache tu, lakini ulimchukua zaidi ya miezi minne kuutengeneza. Na hapa pana jambo la kuzingatia. Wale watu watatu, walipopigwa picha zao, hawakuwa na adui mbele yao. Walipiga hewa tupu, na iliwabidi wausimamishe upanga mahali hasa ambapo baadaye upanga wa mfupa ungewekwa. Nguvu ya pigo haikuonekana katika kwenda kwa upanga peke yake. Ilionekana katika kusimama kwake.

MWILI WA KIJITU

Kabla ya kupiganisha kijitu, ujue anachoweza na asichoweza. Kijitu kina urefu wa sentimita nne hivi. Kichwa chazunguka. Mikono yazunguka begani, na viganja vyazunguka. Miguu yaenda mbele na nyuma. Lakini hakina goti, hakina kiwiko, na kiuno chake hakizunguki.

Jambo hili la kiuno ndilo kubwa. Simama sasa hivi, mpenzi msomaji, ufanye kama unayetaka kurusha jiwe mbali. Utaona kwamba mkono ni wa mwisho kwenda. Kwanza mguu warudi nyuma, halafu kiuno chajipinda, halafu bega, kisha ndipo mkono. Kijitu hakiwezi hayo. Ukikisimamisha wima na kukipungia mkono tu, chaonekana kama mtu anayefukuza nzi.

Dawa ni kusogeza mwili mzima. Bandika miguu yake juu ya ubao wa vitofali, kisha ulaze kiwiliwili nyuma kidogo, maana nyonga zakubali. Au bandika mguu mmoja tu, mwingine uinuke, mwili wote uelemee upande. Au kizungushe kijitu chote kidogo kwa kila picha. Pasipokuwa na cha kukishikilia, sisi hutumia nta kidogo ya mshumaa chini ya kisigino. Kumbuka tu kuifuta, isije ikang'aa mbele ya taa.

NAMNA NILIVYOJIFUNZA

Sasa nina jambo la kukiri, nami naona haya kuliandika, lakini bila ya hilo makala haya yatakuwa ya uongo.

Baada ya Siku ya Wazazi tulianza sinema ya pili, mimi na mwenzangu wa kidato chetu, ambaye ndiye fundi wa kujenga nyumba na miti. Jumamosi moja, karibu na saa kumi na moja, tulikuwa tumekwisha piga picha 60 za ugomvi. Mwenzangu alipita nyuma ya meza kuchukua kofia ya kijitu, goti lake likagonga mguu wa meza. Ubao ukahama, vijitu vikaanguka, na kazi ya saa nzima ikawa haina maana, kwa kuwa hatukuweza kuvirudisha mahali pake sawasawa.

Nikamsukuma. Nilimsukuma kwa viganja vyote viwili, kifuani. Akaanguka juu ya rafu ya vitabu vya zamani, bega likagonga mbao, naye akaketi chini. Hakusema neno. Nami sikusema. Nasikia mpaka leo kile kimya. Nje watu wakicheza mpira, na ndani sisi wawili tukitazamana.

Mwalimu alipoingia aliona hali, akauliza, nami nikasema kweli. Akalifunga sanduku, akasema litafunguliwa baada ya majuma mawili. Hakutupiga wala hakufoka. Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi, kabla ya kengele ya uji, nilikwenda bweni lake nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Bega linauma, lakini yamekwisha. Ila nimeona jambo moja. Uliponisukuma ulirudi nyuma kwanza. Vijitu vyetu havirudi nyuma.”

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa majuma yale mawili hatukuwa na vitofali, basi tulikaa na daftari. Tuliandika yote tuliyoyakumbuka juu ya msukumo ule mmoja, mimi kwa upande wa aliyesukuma, yeye kwa upande wa aliyesukumwa. Mafunzo yafuatayo yametoka katika daftari hilo.

FUNZO LA KWANZA: UGOMVI UWE NA SABABU

Askari wetu wa ngome walipigana kwa sababu walikuwa na panga. Mtazamaji hakujua nani ana haki, wala nini kitapotea, basi hakujali. Mimi nilimsukuma mwenzangu kwa ajili ya picha 60, na kila mtu aliyewahi kupoteza kazi ya saa nzima aelewa, hata kama hakubali.

Sinema ya pili tuliiweka kwenye bomba la maji. Kijitu chenye kofia nyekundu chaweka ndoo yake kwenye foleni, chaenda kivulini. Kijitu chenye kofia ya buluu chafika, chaisogeza ndoo ile kando, chaweka yake. Haya yachukua sekunde 20, wala hapana pigo hata moja. Lakini hapo mtazamaji amekwisha ona ndoo ikisogezwa, naye tayari ana hasira pamoja na mwenye ndoo. Nani katika shule hii asiyeijua foleni ya maji?

FUNZO LA PILI: RUDI NYUMA KWANZA

Kila pigo lina maandalio. Jicho la mtazamaji lataka kuambiwa kwamba jambo laja. Basi kabla mkono haujaenda mbele, uende nyuma, na mwili uende nyuma pamoja nao. Maandalio yawe ya polepole, yachukue picha nyingi kuliko pigo. Na mwisho wa maandalio, kijitu kisimame kwa picha mbili bila kusogea hata kidogo. Hapo ndipo mtu hushika pumzi.

FUNZO LA TATU: PIGO LIWE FUPI

Hapa ndipo nilipopata jibu la swali la mama. Katika sinema ya kwanza kila pigo tulilipa picha nane, nne za kupanda na nne za kushuka, na kila picha tulisogeza mkono kiasi kile kile. Kitu kinachopanda na kushuka kwa mwendo ulio sawa, tena na tena, ndicho kiitwacho mdundo. Mama aliona ngoma kwa sababu tulitengeneza ngoma.

Pigo la kweli halina mwendo ulio sawa. Laanza polepole, lafyatuka, lasimama. Mkono ukitoka nyuma kwenda mbele, uende kwa picha mbili tu, au hata moja. Msiogope kwamba jicho halitauona. Jicho litaona ulikotoka na ulikofika, na akili itajaza palipobaki.

FUNZO LA NNE: NGUVU HUONEKANA KWA ANAYEPIGWA

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mimi sikumbuki mikono yangu ilivyokwenda siku ile. Nakumbuka yeye alivyoanguka. Vivyo hivyo mtazamaji hapimi nguvu ya pigo kwa mkono uliopiga, bali kwa mwili uliopokea. Ukimtazama anayepigwa, na yeye akabaki wima kama mlingoti, basi hata ukimpiga kwa nyundo hakuna kilichotokea.

Basi mpe anayepigwa picha nyingi. Picha ya kwanza baada ya pigo, arushwe nyuma mbali, kuliko unavyodhani kwamba yafaa. Picha zifuatazo aendelee kurudi, lakini kila picha hatua iwe ndogo kuliko iliyotangulia, kama gari linalokwisha nguvu. Vijitu vingi vina sura mbili kichwani, moja mbele na moja nyuma iliyofichwa na nywele au kofia. Zungusha kichwa katika picha ile ile ya pigo, sura ya uchungu itokee. Yule aliyepiga naye asirudi upesi mahali pake. Abaki ameinama mbele alikofikishwa na nguvu zake mwenyewe.

FUNZO LA TANO: KIMYA BAADA YAKE

Baada ya pigo, acha kila kitu kisimame kwa nusu sekunde, yaani picha sita. Watengenezaji wageni huogopa picha zilizosimama, wakidhani zapoteza muda. Kumbe ndizo zinazompa mtazamaji nafasi ya kuuliza moyoni: ameumia? Ukimwaga mapigo 20 mfululizo, la ishirini halina thamani kuliko la kwanza. Katika sinema yetu ya pili pana mapigo matatu tu.

Nawawekea hapa hesabu ya pigo letu la tatu, ili atakaye aifuate kwa vijitu vyake. Ni picha 24, yaani sekunde mbili.

Picha ya 1 hadi ya 4: wote wawili wamesimama, watazamana.
Picha ya 5 hadi ya 9: mwekundu arudisha mkono na mwili nyuma, polepole.
Picha ya 10 na ya 11: asimama vivyo hivyo.
Picha ya 12: mkono u katikati ya njia.
Picha ya 13: mkono umefika.
Picha ya 14: buluu amekwisha rushwa nyuma, sura imegeuka, ndoo yainama.
Picha ya 15 hadi ya 18: buluu aendelea kuanguka, hatua zikipungua; ndoo yalala.
Picha ya 19 hadi ya 24: wote wametulia.

Tazameni: pigo lenyewe lina picha mbili katika 24. Zilizobaki zote ni za kabla na za baada.

KAMERA, MEZA NA TAA

Mkono wa kijitu hauna haja ya kumgusa mwenzake. Ukikigusa utakiangusha. Iweke kamera nyuma ya bega la anayepigwa, au chini chini usawa wa vifua, ili mkono upite mbele ya uso wake kwa macho ya mtazamaji. Nafasi iliyo kati yao haitaonekana. Na kama mwekundu yuko upande wa kushoto, abaki kushoto kila unapobadili mahali pa kamera. Usivuke upande wa pili, ama watu watapotea wasijue nani ampiga nani.

Ukitaka kijitu kiruke hewani, kuna njia rahisi isiyotaka uzi. Kilaze kijitu juu ya karatasi iliyochorwa mbingu, juu ya meza, na kamera itazame chini kutoka juu. Kisogeze juu ya karatasi. Katika sinema chaonekana kikiruka angani.

Meza na ifungwe. Baada ya yale yaliyonipata tuliubana ubao wetu kwa mawe manne na kuchora alama ya chaki sakafuni kila mguu wa meza uliposimama. Simu nayo tuliifunga kwa mpira wa baiskeli juu ya matofali mawili ya kujengea. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi, kwa sababu wingu likipita mbele ya jua, sinema yote yawaka na kuzimika kama taa mbovu. Tumia taa moja isiyosogezwa, na mpiga picha asimame pale pale kila mara, maana hata shati jeupe hutupa mwanga.

SAUTI

Sauti twaitia mwisho. Pigo la ngumi ni daftari nene lililoangushwa mezani. Kuanguka kwa kijitu ni mfuko wa maharage uliodondoshwa sakafuni kwa ruhusa ya Mpishi. Ndoo yetu ni kopo la maziwa. Sauti iangukie picha ile ile ya pigo. Ikichelewa kwa picha tatu, yaani robo ya sekunde, watu watacheka. Na kabla ya pigo kusiwe na sauti yoyote. Sisi tuliweka maji ya bomba yakitiririka toka mwanzo wa sinema, kisha tukayanyamazisha katika picha zile mbili za kushika pumzi.

ILIVYOKWISHA

Ugomvi mzima katika sinema ya pili una sekunde tisa tu, yaani picha 108, na sinema yote dakika moja na sekunde 20, yaani picha 960. Ilituchukua Jumamosi sita. Mwishoni, buluu yuko chini, ndoo zote mbili zimelala, na mwekundu amesimama mkono ukiwa umeshuka. Ajongea polepole, amwinua mwenzake. Wote wawili waokota ndoo na kugeuka kuelekea bombani. Tone moja la buluu laanguka, la pili, kisha hapana tena. Bomba limekauka walipokuwa wakipigana.

Mwisho huu aliubuni mwenzangu. Mimi nilitaka mwekundu ashinde. Yeye alisema: “Siku ile nani alishinda?” Nami nikanyamaza.

Jumamosi iliyopita tuliionyesha bwaloni kwa wadogo zetu wa kidato cha kwanza na cha pili. Kulikuwa na kelele kama kawaida ya bwalo. Ilipofika picha ya 14 ya pigo la tatu, kelele zilikatika. Katika kimya kile mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, aliyekaa benchi la mbele, alimwuliza jirani yake: “Ameumia?” Hakuna aliyecheka. Mwenzangu alinitazama, akaligusa bega lake, akatabasamu.

Mama yangu bado hajaiona. Mwalimu ameahidi kuipeleka katika simu yake wakati wa likizo, nami nitakaa karibu naye nimtazame anapoitazama. Kama ataniuliza tena ni ngoma ya wapi, nitarudi mezani.

Basi, wadogo zetu mtakaolipokea sanduku, nawaachia maneno machache. Ukitaka kutengeneza ugomvi, usianze na ngumi. Anza na ndoo. Ujue nani ameisogeza, na nani ataumia, na nini kitakuwa kimekauka utakapokwisha. Mapigo yenyewe ni picha mbili tu. Na ikitokea mwenzako akagonga mguu wa meza, weka simu chini, toka nje, uhesabu picha 24 kabla hujarudi ndani. Ni sekunde mbili tu katika sinema, lakini kwa mtu mwenye hasira ni muda mrefu wa kutosha.